Muujiza wa Mdogo Wangu Mbele ya Mahakama

Mdogo wangu alizaliwa kando ya reli, karibu na gare, stesheni ya treni ya Likasi, chini ya mashuka ambayo mama aliyashona pamoja yawe hema. Ulikuwa wakati ule watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao. Babu yangu aliletwa Katanga kuchimba shaba, baba akazaliwa hapa na kufanya kazi katika karakana ya mgodi, nami nikazaliwa hapa. Hata hivyo asubuhi moja majirani tuliokuwa tukiazimana chumvi walianza kututupia mawe. Tukakimbilia gare na umati wa watu wengine, kungoja treni ya kutupeleka katika nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona.

Nilikuwa bado katika madarasa ya mwanzo ya shule. Nakumbuka uchungu ulimshika mama na haukumwachia hadi jua la kesho yake. Hapakuwa na muuguzi. Mwanamke mmoja mzee tuliyepiga naye kambi ndiye aliyempokea mtoto, na mtoto alitoka wa rangi ya buluu, kitovu kimemzunguka shingo. Alimshika miguu, akampiga mgongoni, akamnyonya kamasi puani na kutema kwenye mawe ya reli. Tulikuwa tumeshaanza kumlilia ndipo naye akalia.

Treni ilipokuja mama hakuweza kusimama. Baba alitazama watu wakipanda hadi juu ya mabehewa, akasema atakayetaka kutuua atatuua hapahapa. Tukabaki. Baadaye tulisikia kwamba wengi wa wale waliopanda walifia njiani, watoto hasa, nao walizikwa kando ya reli bila msalaba. Kwa hiyo mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu ndiye aliyetuokoa. Aliendelea kusema hivyo hata watoto wa rika lake walipoanza kukimbia naye bado anakaa, hata walipoanza kusoma naye bado hajui kusema ana njaa.

Alikuwa na sura nzuri. Hilo lazima niliseme mapema, kwa sababu lilimdhuru. Hakuwa na kichwa kikubwa wala macho yaliyokwenda upande. Mtu aliyemwona amesimama mlangoni angedhani ni kijana wa kawaida mwenye haya. Ilibidi ukae naye ndipo utambue kwamba jana na mwaka jana kwake vilikuwa kitu kimoja, kwamba ukimwuliza swali lolote atakwambia ndiyo, na kwamba anakutazama mdomo akisubiri aone kama ndiyo yake imekupendeza. Shule ilimrudisha nyumbani. Mwalimu alimwambia mama kwamba mtoto huyu ni kama mtungi uliotoboka, unamimina na hakuna kinachobaki.

Kisha baba akafa. Aliugua kifua miezi michache tu. Msiba haujaisha, watu wa kanisa letu la maombi walianza kumtazama mdogo wangu. Mtoto asiyesema, mtoto ambaye akili yake haipo mahali pake, je, akili hiyo huwa inakwenda wapi? Mmoja wao aliyekuwa na karama ya unabii alisema inakwenda usiku kula watu. Baba yake alikuwa wa kwanza, alisema, na sisi tungefuata.

Walimchukua na kumfungia katika banda nyuma ya kanisa, ili wao wafunge kula na kumwombea. Alikuwa na umri wa kama miaka kumi. Walimnyima chakula ili pepo adhoofike, na walimtia pilipili machoni ili aungame. Aliungama. Walimwuliza kama yeye ndiye aliyemla baba yake, akasema ndiyo. Walimwuliza kama anataka kumla mama yake, akasema ndiyo. Nilipopenya na kumletea maji nilimkuta macho yamevimba hayafunguki, ananusa hewa ili ajue ni nani aliyeingia.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda kwa mchungaji, akapiga magoti, akamwambia kwamba amepata ndoto na kwamba Mungu ameahidi kumfungua mtoto. Aliomba arudishiwe ili amwandae. Wakamrudishia. Majuma yaliyofuata, kila jioni, mama alimweka mbele yake jikoni na kumfundisha sala ya Baba Yetu kwa Kifaransa, silabi kwa silabi, kama unavyomfundisha kasuku. Akikosea alimnyima kipande cha bukari, ugali wa kwetu; akipatia alimpa. Mimi nilikuwa nikisikia sauti hizo mbili hadi nikalala nazo. Hakuelewa hata neno moja. Lakini siku moja sala ilitoka nzima, kuanzia mwanzo hadi amina, na mama akaangukia ukuta akilia.

Jumapili aliyochagua alimvalisha vizuri, akampeleka mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amefungua akili ya mtoto wake. Mdogo wangu akasali kwa Kifaransa kwa sauti kubwa. Watu walianguka chini, wengine walikimbia huku na huku wakipiga makofi. Mchungaji alimnyanyua juu. Tangu siku hiyo hakuitwa mchawi tena, aliitwa mtoto wa muujiza, na hakuna aliyethubutu kumnyoshea kidole. Hivyo ndivyo mama alivyomwokoa.

Akawa mtu mzima wa mwili. Mimi nikajifunza kushona, nikafungua chumba cha ushonaji mbele ya parsele, kiwanja cha nyumba yetu. Yeye alibeba maji, alisukuma baiskeli za watu zilizojaa makaa kupanda kilima, na alishinda amekaa kizingitini mwa chumba changu akiokota pini zilizoanguka. Ukimpa kitu akutunzie alikitunza hadi ukirudie, na ukimwuliza ni cha nani angejibu kwamba ni chake. Kwake kukishika kitu na kuwa nacho yalikuwa mambo yaleyale.

Vijana wawili waliokuwa wakichimba madini Kambove walipanga chumba kwa jirani yetu. Mkubwa wao alikuwa mcheshi, alipenda kukaa na mdogo wangu. Alimwita Kanali. Alimpa mkate wenye siagi, akamfundisha kupiga saluti. Mama alifurahi kwamba hatimaye amepata rafiki, na mimi pia sikuona ubaya. Siku moja walimwomba awatunzie gunia, naye akaliweka chini ya kitanda chake.

Juma hilohilo mlinzi wa depo moja ya madini, kwenye barabara ya Kambove, alikuwa ameuawa kwa risasi. Alikuwa baba wa familia, nilimfahamu mke wake kwa sura, aliwahi kunishonesha sare za watoto wake. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba kifo chake kilikuwa kidogo kwetu.

Askari walikuja asubuhi, wameshawakamata wale vijana wawili, mama yuko sokoni. Walilivuta gunia, wakalifungua, ndani mlikuwa na bunduki iliyovingirishwa katika shati. Aliyekuwa akiwaongoza akauliza ni ya nani.

"Yangu," alisema mdogo wangu, na akapiga saluti.

Walimpiga pale pale uani kwa kitako cha bunduki ileile. Nilijirusha mbele nikawaambia kwamba ni mgonjwa wa akili, hajui anachosema. Mmoja wao alinijibu kwa upole kabisa kwamba siku hizi wote wamekuwa wagonjwa wa akili.

Ndio mwaka ambao serikali ilikuwa imetangaza kwamba hukumu ya kifo, iliyokuwa ikitamkwa kwa miaka mingi bila kutekelezwa, sasa itatekelezwa. Watu walikuwa wamechoka na majambazi. Katika chumba changu cha ushonaji, wanawake waliosimama juu ya kiti wakipimwa mapindo walikuwa wakisema wauawe tu, hadharani, tupumzike. Baada ya mdogo wangu kukamatwa walisema hivyo hivyo, ila walinyamaza nilipoingia. Kisha wakaacha kuja.

Kwa kuwa bunduki ilikuwa silaha ya kivita, kesi ilipelekwa mahakama ya kijeshi, ingawa yeye na wale vijana wawili walikuwa raia. Mahakama ilihamia Likasi kusikiliza kesi hapohapo mjini, katika ukumbi wa sherehe, ili watu waone. Waliojaa nje waliwekewa vipaza sauti.

Tulipewa wakili kijana ambaye hatukumlipa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti changu cha kushonea na kutueleza namna ushahidi unavyokwenda. Kuhusu bunduki na mauaji, alisema, ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha, na shaka yoyote ni faida ya mshtakiwa. Lakini kuhusu kichwa chake, mambo yanageuka. Kila mtu mzima huhesabiwa kuwa na akili timamu hadi ionyeshwe vingine, na wa kuonyesha ni sisi. Na hapo, alisema, shaka haitatusaidia. Shaka itamwua.

Aliuliza tuna nini. Cheti cha kuzaliwa chenye maelezo ya hospitali? Alizaliwa kando ya reli. Taarifa za shule? Hakukaa shuleni muda wa kuandikiwa kitu. Daktari yeyote aliyewahi kumwona kichwa? Mama alisema daktari wa kichwa yuko Lubumbashi, na sisi tulikuwa watu wa kutafuta bukari. Wakili alijipangusa uso. Kisha akatushauri, bila kututazama, kwamba siku ya mahakama tusimpelekee sabuni. Asinyolewe. Avae nguo iliyochanika, na kama anatoa mate tusimpanguse.

"Maître, hatoi mate," mama alimjibu. "Na mutoto wangu hataenda mbele ya bantu na buchafu. Bakiisha kumuona mubaya, njo batamuua kama mbwa."

Usiku wa kuamkia siku ya mahakama mimi na mama hatukubishana. Nilikuwa nimemshonea shati jeupe la kola ngumu, tukampelekea gerezani na sabuni na mafuta. Alipoingia ukumbini, amefungwa pingu pamoja na wale wawili, alikuwa amepakwa mafuta usoni na shati limemkaa sawasawa. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akisema, huyu ndiye mgonjwa? Mbona ni mzuri kuliko bwana yangu.

Maelezo aliyotoa mbele ya wapelelezi yalisomwa kwanza. Katika maelezo hayo mdogo wangu alizungumza Kifaransa kirefu, cha mawakili, akieleza jinsi alivyopanga, jinsi alivyoficha silaha kwa hiari yake, jinsi anavyojutia. Chini kulikuwa na alama ya dole gumba lake. Wakili alisimama na kusema mtu huyu hawezi kusema hata sentensi moja ya namna hiyo kwa lugha yoyote. Mwendesha mashtaka, ofisa mwenye sauti laini ambaye hakuwahi kupaza hata mara moja, alisema jambo hilo ni rahisi kulijua. Alimgeukia mdogo wangu, akamwuliza kwa Kiswahili cha kwetu kama anajua kusali kwa Kifaransa.

Nilimwona mama akishika ukingo wa benchi.

Mdogo wangu alitazama mdomo wa yule ofisa, akaona swali lake ni la kheri. Alinyoosha mgongo. Akasali Baba Yetu kwa Kifaransa, yote, bila kukwama, kwa sauti ileile kubwa aliyofundishwa jikoni. Alipofika amina, watu wakapiga makofi. Wengine walicheka, lakini wengi walipiga makofi kwa kweli, maana alisali vizuri. Na yeye akainamisha kichwa, kama kanisani.

Mwendesha mashtaka alisema hana la kuongeza kuhusu Kifaransa.

Kisha akamwita mchungaji. Mchungaji alikuwa amezeeka, alitembea na fimbo, na naamini alikuja akidhani anatusaidia. Alieleza jinsi mtoto alivyokuwa bubu na mwenye giza, na jinsi Mungu alivyomfungua mbele ya mashahidi wengi. Aliulizwa kama uponyaji ulikuwa nusu au kamili. Alisema Mungu hafanyi nusu. Aliulizwa nani aliyetoa ushuhuda. Akamwonyesha mama kwa fimbo.

Mama aliitwa mbele. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa kichwani, na watu wa kanisa walikuwa wamejaa safu za mbele. Mwendesha mashtaka alimwuliza kama ni kweli kwamba alisimama mbele ya Mungu na waamini akasema mtoto wake amepona. Mama alisema ni kweli alisema. Akaulizwa kama alipona.

Alitazama zile safu za mbele. Nilielewa anachopima. Kanisa lile ndilo lililomzika baba, ndilo lililotulisha tulipokosa, na hakuwa na watu wengine duniani ila sisi na hao.

"Hapana," alisema. "Hakupona. Nilimufundisha ile sala jikoni. Balikuwa banataka kumuua juu ya buchawi, njo nikafanya vile."

Ukumbi ukavuma. Mchungaji aliinuka na kukaa tena. Mwendesha mashtaka alingoja watu watulie.

"Mama," alisema, "uliongopa mbele ya Mungu wakati ule, ao unaongopa mbele yetu sasa?"

"Niliongopa kwa Mungu, papa. Mungu alijua juu ya nini."

"Basi unajua kuongopa kwa ajili ya mtoto wako."

Mama alikaza fundo la kitambaa chake. Alirudi kwenye benchi. Mwanamke aliyekuwa amekaa kando yake, aliyesali naye kanisani tangu ujana, alihamisha mkoba wake na kusogea.

Baada ya hapo jaji aliyekuwa akiongoza alimwuliza wakili kama mshtakiwa huvua nguo barabarani. Wakili alisema hapana. Kama hupiga watu. Hapana. Kama huongea peke yake au hula uchafu. Hapana. Jaji alisema kwamba katika miaka yake yote amewaona vichaa, na huyu si kichaa. Wakili alijaribu kueleza kwamba hakusema ni kichaa. Kichaa ni mtu aliyekuwa na akili ikapotea, na huyu akili yake haikukua. Alitafuta neno la jambo hilo, la Kifaransa halikuwaeleza kitu watu wa ukumbini, na la Kiswahili alilolipata lilikuwa tusi. Watu walicheka. Aliomba daktari wa akili aitwe kutoka Lubumbashi. Mahakama ikajadiliana kwa kunong'ona na kukataa, kwa sababu hakuna karatasi hata moja ya kabla ya tukio inayoonyesha kwamba kuna kitu cha kupimwa.

Jambo ambalo sijaweza kulimeza hadi leo lilitokea mchana wa siku hiyo. Yule kijana mkubwa, mcheshi, aliyemwita mdogo wangu Kanali, aliulizwa gunia lilifikaje kwetu. Alisema yeye ndiye aliyemkabidhi mdogo wangu mkononi, naye akalipokea. Karani akaandika. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea.

"Lakini huyu hana akili ya bantu bakubwa, mon président. Hakuya na sisi kule depo. Tulimupatia gunia juu ya vile hana akili. Ukimupatia mukate, anatunza."

Alisema hivyo huku anatazama chini, na nafikiri ulikuwa ukweli pekee uliotoka kinywani mwake siku ile. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Nilimshika mama mkono. Lakini mwendesha mashtaka alisimama na kusema kwamba neno la muuaji haliwezi kumsafisha mshiriki wake. Wakili aliruka, akasema neno la muuaji huyohuyo ndilo mahakama ililolichukua hivi punde kuhusu gunia. Mahakama ilijibu kwamba itapima. Na ilipima: katika hukumu, kinywa kilekile kiliaminika pale kilipomwekea bunduki mikononi, na hakikuaminika pale kilipomtoa depo na kumwondolea akili.

Hukumu ilisomwa siku chache baadaye, wote wamesimama. Ilisomwa kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Ilisema kwamba mshtakiwa alionekana nadhifu, mtulivu, mwenye kujibu maswali, mwenye kumbukumbu nzuri. Ilisema mama yake ni shahidi asiyeaminika kwa kukiri kwake mwenyewe. Ilisema anayedai upungufu wa akili hana budi kuuthibitisha, na haukuthibitishwa. Wote watatu walihukumiwa kifo.

Nje, kwenye vipaza sauti, watu walishangilia. Humo ndani walipiga makofi. Mjane wa mlinzi hakupiga. Alikuwa amekaa na shali yake mapajani, anamtazama mdogo wangu kwa namna ambayo sikuielewa. Mdogo wangu aliposikia makofi alitabasamu na kuinamisha kichwa. Yule kijana wa tatu, mdogo kati yao, alikuwa amejikojolea. Walipowapitisha mbele ya benchi letu mdogo wangu alisimama, askari akamwachia kidogo.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "nilijibu muzuri?"

Nilimwambia ndiyo, alijibu vizuri sana. Sikujua neno lingine la kumpa. Akamtazama mama naye athibitishe, na mama akatikisa kichwa kumkubalia, akamrekebisha kola.

Rufaa ilisikilizwa Lubumbashi. Safari hii mahakama ilikubali daktari. Daktari alikaa na mdogo wangu, akampa vipande vya mbao apange, akamwonyesha picha, akaandika kwamba akili yake ni ya mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuanza shule, na kwamba ni hivyo tangu kuzaliwa. Tulilia kwa furaha katika korido. Wakili alitukumbatia. Lakini mahakama ilisema daktari amemwona baada ya miezi mingi ya gereza na vipigo, na hawezi kueleza hali yake ya siku ya tukio. Kuhusu maneno "tangu kuzaliwa", walisema daktari ameyapata kwa mama. Na mama alikuwa ameshasemwa kuwa mwongo. Hukumu ikabaki.

Kanisani mama alitengwa. Hawakumfukuza kwa maneno. Walisoma tangazo kwamba mtu aliyeikana kazi ya Mungu mbele ya mahakama ya wanadamu asiguse vyombo vya ibada, naye ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya madhabahu. Aliporudi nyumbani siku hiyo alinisimulia akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akasema vitambaa vile vitaingia madoa kwa sababu hakuna anayejua kuvisugua.

Kila juma alipanda gari la Lubumbashi, ambako mdogo wangu sasa alikuwa amefungwa, na sufuria yake ya bukari na samaki. Walinzi wa gereza walikuwa wamegundua kwamba mdogo wangu anapiga saluti na kusali kwa Kifaransa, basi walimtoa mbele ya wageni awafanyie vyote viwili, na baada ya hapo wakamrudisha. Mama aliwahi kukuta wanamfanyisha. Alingoja hadi sala ikaisha, akasema amina, ndipo akaomba ruhusa ya kumlisha. Mdogo wangu alikuwa amekonda, lakini alikula vizuri. Alimwuliza mama kuhusu baiskeli ya jirani, kama kuna mtu anaisukuma.

Safari moja alifika akaambiwa hayupo. Waliohukumiwa kifo walikuwa wamepakiwa kwenye ndege na kupelekwa gereza la kaskazini, katikati ya msitu, mbali kuliko tunavyoweza kufika. Hakuna aliyetuarifu. Mama aliuliza kama wamepelekwa kuuawa, na mlinzi akamwambia hajui, wakati mwingine ndivyo, wakati mwingine hapana. Alirudi Likasi na sufuria imejaa. Nilipomkuta alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba changu, anakula kile chakula peke yake kwa mkono, polepole, kimeshapoa na kuwa kigumu, na hakutaka nimsaidie.

Miezi ikapita. Kisha mtu tusiyemjua alipiga simu, akasema yuko na mdogo wangu, yu hai, anabebea jiko la gereza maji, na kama tunataka kumsikia tufanye haraka. Nilimpa mama simu. Alimwita kwa jina alilomwita utotoni. Tulisikia pumzi yake, karibu kabisa. Mama aliita tena. Yule mtu alicheka upande wa pili, akatuambia kwamba ameigeuza simu, anaangalia nyuma yake kuona mama ameingilia wapi.

"Mwambie niko hapa," mama alisema.

Yule mtu alimwambia. Tukamsikia mdogo wangu akijibu ndiyo, kwa ile sauti yake ya kutaka kupendeza, kisha simu ikakatika. Hukumu yake haijafutwa wala haijatekelezwa. Wakili sasa anafanya kazi Kolwezi, nikimpigia anapokea, na kila mara anasema faili liko Kinshasa.